Malewa ya wakimbizi: jinsi chakula cha Waukraine kilivyodumu miaka 70 mjini New York

Hapa Goma tulizoea kuwaona Waukraine angani tu. Tangu mwaka wa 2012, marubani wao walirusha helikopta za MONUSCO juu ya mji wetu na juu ya vilima vya Masisi na Rutshuru. Mwezi wa tatu mwaka wa 2022, baada ya Urusi kuvamia nchi yao, Raisi Zelenskyy aliamuru askari hao na helikopta zao warudi nyumbani. Wakaondoka. Wengi wetu hatukuwahi kujua wanakula nini, wala kwamba historia ya watu wao, kama ya kwetu, imejaa kampi na watu waliokimbia.

Ndugu msomaji, leo tuingie katika historia hiyo kwa mlango mdogo, mlango wa malewa moja. Iko mjini New York, Marekani, kwenye pembe ya Second Avenue na East 9th Street, katika mtaa unaoitwa East Village. Inaitwa Veselka. Kwa Kiukraine, neno hilo ni upinde wa mvua.

Chakula kinachowavuta watu pale kinaitwa varenyky. Kinatengenezwa kwa unga wa ngano, maji na chumvi. Unga unakandwa, unasukumwa uwe mwembamba, unakatwa miduara, kisha katikati inawekwa viazi vilivyopondwa, au kabeji iliyochachushwa, au jibini laini, au uyoga, na hata matunda. Mduara unakunjwa uwe nusu, kingo zinabanwa kwa vidole, na kipande kinatumbukizwa katika maji yanayochemka. Jina lenyewe linatoka kwenye neno lao la kuchemsha. Kinaliwa na kitunguu kilichokaangwa na maziwa ya mgando mazito. Mtu wa kwetu akikiona atasema: hii ni sambusa iliyochemshwa. Ni chakula cha kijijini, cha watu wenye unga na viazi na mikono mingi ya kufanya kazi.

Kilifikaje New York? Waukraine wa kwanza walifika mtaa ule mwishoni mwa karne ya 19 kutafuta kazi. Parokia yao ya Mtakatifu George ilianzishwa mwaka wa 1905. Lakini wimbi lililobadili mtaa lilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na hao hawakuja kutafuta mshahara tu. Walikuwa wakimbizi.

Tukumbuke walikotoka. Katika sehemu ya Ukraine iliyokuwa chini ya Muungano wa Kisovieti, serikali ya Stalin ilichukua nafaka za wakulima kwa nguvu, na katika miaka ya 1932 na 1933 mamilioni ya watu walikufa kwa njaa. Wao wanaita msiba huo Holodomor. Sehemu ya magharibi ilikuwa chini ya Poland, nayo ikachukuliwa na Wasovieti mwaka wa 1939. Kisha Wajerumani wakaingia mwaka wa 1941, na Waukraine zaidi ya milioni 2 wakapelekwa Ujerumani kufanya kazi za lazima viwandani na mashambani.

Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, Wasovieti walidai raia wao warudishwe, na wengi walirudishwa kwa nguvu. Waliobaki walijazana katika kampi za Ujerumani na Austria, wakiogopa kwamba kurudi ni kwenda kufungwa au kufa. Wengine walikaa humo miaka mitatu, minne, mitano. Ndani ya kampi walifungua shule, makanisa na magazeti kwa lugha yao. Mwaka wa 1948 Raisi Truman wa Marekani alitia sahihi sheria iliyowaruhusu watu waliohamishwa na vita kuingia nchini mwake, na makumi ya maelfu ya Waukraine wakavuka bahari. Wengi walielekea kule ambako tayari kulikuwa na kanisa lao.

Kati ya wakimbizi hao walikuwa Wolodymyr Darmochwal na mke wake Olha. Mwaka wa 1954 walifungua Veselka, na haikuanza kama malewa. Kilikuwa kiduka cha magazeti, sigara na pipi. Watu walikuja kununua gazeti, wakasimama, wakaongea lugha yao, wakaulizana habari za nyumbani. Baadaye kiduka kikaunganishwa na chumba cha chakula kilichokuwa jirani, na borscht, ule mchuzi mwekundu wa bitiruti, ukaanza kupikwa pamoja na varenyky.

Veselka haikuwa peke yake. Kulikuwa na mkahawa ulioitwa Kiev, na duka la Surma lililouza vitabu, mashati yaliyodariziwa na vitu vya kiasili tangu mwaka wa 1918. Karibu na kanisa la Mtakatifu George kuna pia Streecha, kijumba cha kulia chakula kilicho chini ya nyumba, ambacho ni cha kanisa. Kimejulikana kwa varenyky zinazofinyangwa kwa mkono na watu wa parokia na kuuzwa kwa bei ndogo.

Miaka ya 1970 ilikuwa migumu. Mwaka wa 1975 mji wa New York wenyewe ulikaribia kufilisika, nyumba nyingi za mtaa ule ziliachwa, na watoto wa wakimbizi walikuwa wanahamia penye nafasi zaidi. Ndipo biashara ikaingia mikononi mwa mtu ambaye si Muukraine. Tom Birchard, kijana wa New Jersey, alikuwa ameoa binti wa Darmochwal na alifanya kazi dukani tangu miaka ya 1960. Baba mkwe alipofariki katikati ya miaka ya 1970, yeye akaendelea. Jikoni walifanya kazi pia wanawake wa Kipolandi, kwa sababu Wapolandi wana chakula kama hicho wanachokiita pierogi. Ndiyo maana mpaka leo wateja wengi wa New York hutumia jina hilo la Kipolandi.

Hapa ndipo somo lilipo, kwa maoni yangu. Kiev ilifunga. Surma ilifunga mwaka wa 2016, karibu miaka 100 baada ya kuanza. Kupanda kwa kodi na kuhama kwa wateja wa zamani kuliumiza biashara nyingi za aina hiyo. Veselka ilibaki kwa sababu ilifungua mlango kwa jirani yeyote: wanafunzi, wasanii, madereva, watu wa usiku. Kwa miaka mingi ilipika saa 24, mpaka ugonjwa wa korona ulipoikatiza mwaka wa 2020. Chakula cha wakimbizi kilibaki kilekile. Waliokaa mezani ndio waliobadilika.

Tarehe 24 mwezi wa pili mwaka wa 2022 Urusi ilipovamia, watu wa New York wasio na ndugu hata mmoja Ukraine walijua pa kwenda. Walipanga foleni mbele ya Veselka. Jason Birchard, mjukuu wa Darmochwal, alitoa mapato ya borscht kwa msaada wa Ukraine. Mwaka huohuo, tarehe 1 mwezi wa saba, UNESCO iliandika upishi wa borscht wa Ukraine katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Vita vinapohamisha wapishi na kuharibu mashamba, hata mchuzi unaweza kupotea.

Katika kampi zilizozunguka Goma, tuliona akina mama waliokimbia Masisi na Rutshuru wakiwasha moto kwenye mawe ya volkano na kuuza maandazi, maharagwe, bugali na sombe. Walianza na mtaji mdogo sana, kama kiduka kile cha magazeti. Tofauti ni kwamba historia ya Veselka imeandikwa, na mwaka wake wa kuanza unajulikana. Ya mama zetu inabaki mdomoni, na mdomo unasahau.

Kama mama yako au shangazi yako alifungua malewa baada ya kukimbia vita, mwulize leo: alianza mwaka gani, kwa kitu gani, nani alimkopesha, na chakula gani alikileta kutoka kijijini. Andika majibu katika kayee ya shule. Usingoje mtu wa mbali aje kumwuliza.