Mfadhili Akiondoka Hubaki Nini?



Ndugu msomaji, mwaka juzi sisi vijana wa huku Loresho na Kangemi tulijaza fomu ya kuomba ufadhili. Tulitaka vitabu, viti, na mshahara wa ustadh mmoja wa madrasa ya wikendi. Fomu yenyewe ilikuwa na kurasa kumi na moja, nasi tulikesha nayo, wengine wakiandika, wengine wakileta chai. Ukurasa wa nane kulikuwa na swali: mchango wenu wenyewe katika mradi huu ni kiasi gani? Tukatazamana. Ndugu mmoja akasema, "Andika dua." Tukacheka, lakini mwisho nafasi ile tuliiacha wazi. Baada ya miezi mitatu jibu likaja, mistari miwili tu, kwamba ombi letu halikufaulu.

Wenzangu walikasirika sana. Mimi pia nilikasirika, lakini lile swali la ukurasa wa nane lilinikaa kichwani. Nikaanza kusoma, kila nikipata nafasi baina ya masomo yangu ya chuo, habari za wazee wetu walipata wapi pesa za kujengea misikiti na madrasa tunazozikuta leo. Kumbe swali hilo si geni hata kidogo. Waislamu wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiulizwa, na wakijiuliza, kwa miaka mingi.

Njia ya kwanza ni ile iliyotoka Madina. Sote tulisoma madrasa habari za Sayyidna Umar (R.A.) alipopata shamba zuri la Khaybar akamuendea Mtume (S.A.W.) kumtaka shauri, naye akamuelekeza aizuie ardhi yenyewe na mapato yake yaende kwa wenye haja. Na tulisoma habari za Sayyidna Uthman (R.A.) na kisima cha Ruma. Huo ndio wakfu. Mali haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Kinacholiwa ni matunda yake.

Pwani yetu ilijengwa hivyo. Mtu wa Lamu au Mombasa akiwa na nyumba mbili au shamba la minazi, moja huliwekea wakfu. Kodi au pesa za nazi zinanunua mafuta ya taa za msikiti na mikeka, zinamlipa muadhini na mwalimu wa chuo cha Qur'ani, na mwezi kama huu zinatoa futari. Hapakuwa na fomu. Palikuwa na hati ya kadhi, mashahidi na msimamizi. Msikiti wa Riyadha kule Lamu, alioujenga Habib Swaleh (1853-1936), mzaliwa wa Ngazija, ulisimama kwa wakfu na sadaka za watu, na ukatoa wanafunzi waliokwenda kusomesha bara mpaka Uganda. Waingereza nao walipokuja waliona mali hizi ni nyingi kiasi cha kutungiwa sheria. Sheria ya Makamishna wa Wakfu tuliyorithi, Sura ya 109, ni ya mwaka 1951, na ofisi ya Tume ya Wakfu iko Mombasa. Malalamiko juu ya wakfu ni ya miaka mingi pia: kodi ndogo, hati zilizopotea, nyumba zilizoangukia mikononi mwa watu. Sitayakana. Lakini hebu fikiria, mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita bado analipa mshahara wa mwalimu. Mradi gani wa siku hizi unaweza hayo?

Nairobi ilikuwa na shida yake. Huu ni mji wa reli, umezaliwa mwaka 1899 kwenye kinamasi, hauna wazee wenye mashamba ya minazi. Waislamu wake wa mwanzo walikuwa Waswahili, Wanubi, Wasomali na Wahindi, kila kundi na mtaa wake. Hata hivyo kazi ya Msikiti wa Jamia ilianza mapema katika karne ya 20, na jengo hili tunalolijua, lenye kuba tatu na minara miwili, lilijengwa kati ya mwaka 1925 na 1933. Wengi katika waliolisimamia walikuwa Waislamu wa asili ya Punjab, watu wa kazi na biashara. Leo pembeni yake kuna maduka ya Jamia Mall. Watu wengine hununa, wanasema msikiti umekuwa soko. Mimi nikipita pale nakumbuka shamba la Khaybar.

Sasa nije kwenye jambo lililonishangaza zaidi. Mwaka 1945, Mombasa, iliundwa jumuiya iliyoitwa East African Muslim Welfare Society. Aliyeianzisha ni Aga Khan wa tatu, Sultan Mohamed Shah, imamu wa Maismailia, lakini jumuiya yenyewe ilikuwa ya Waislamu wote, na hasa ililenga Waafrika wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ambao shule za serikali na za wamishonari zilikuwa zimewaacha nyuma. Kwa mtoto wa Kiislamu wa wakati ule mara nyingi njia ya kusoma ilipita kanisani, na wazazi wengi waliona bora abaki nyumbani.

Utaratibu wa pesa ulikuwa hivi: Waislamu wachange, na kila pauni watakayoleta, Aga Khan naye anaongeza pauni. Hamjaleta kitu, na yeye haongezi kitu.

Tazama hekima yake. Kijiji kinachotaka msikiti hakianzi kwa kuandika barua, kinaanza kwa kupitisha kofia. Lazima wachague mtu wa kushika pesa, na awe mtu ambaye kila mmoja anamuamini. Lazima waandike nani katoa nini. Mpaka siku pauni za mfadhili zinafika, watu wameshajua kufanya kazi pamoja, na jengo ni lao, wametoa jasho. Misikiti na shule nyingi zikajengwa kwa mtindo huo katika nchi zote hizi. Kule Uganda mmoja wa viongozi wakubwa wa jumuiya hii alikuwa Mwanamfalme Badru Kakungulu, ambaye mwenyewe alikuwa mtoaji mkubwa wa ardhi. Wasomi wa maendeleo leo wanafundisha jambo hili darasani kama kitu kipya!

Lakini nisiipambe kupita kiasi. Aga Khan alifariki mwaka 1957. Makao makuu yakahamia Dar es Salaam mwaka 1961, wakati wa uhuru, na siasa zikaingia. Desemba 1968 serikali ya Tanzania iliipiga marufuku jumuiya, na BAKWATA likashika nafasi. Kwa hiyo hata ule mpango mzuri ulitegemea mtu mmoja mkubwa na ruhusa ya serikali. Kilichobaki ni yale majengo ambayo wanakijiji walikuwa wameyashika wenyewe.

Mfano mwingine ni Mombasa Institute of Muslim Education, tuliyozoea kusikia wazee wakiiita MIOME. Pesa zake zilitoka kwa Sultani wa Zanzibar, kwa Aga Khan, kwa Mabohora na kwa serikali ya kikoloni. Ilianzishwa mwaka 1948, ikapokea wanafunzi mwaka 1951, kuwafundisha vijana wa Kiislamu ufundi. Baada ya uhuru ikawa Mombasa Technical Institute, kisha Polytechnic mwaka 1972, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Inasomesha Wakenya wote, na hilo ni jema, wala siwaombei wengine wafukuzwe. Nasema tu kwamba wafadhili wakubwa wanne walikutana, na baada ya miaka 20 hivi jina la Waislamu halikuwemo tena kwenye kibao cha langoni.

Halafu ikaja zama ya mafuta. Bei ilipopanda mwaka 1973, nchi za Ghuba zilipata mali, na sehemu ya mali ile ikafika kwetu kwa njia ya visima, nyumba za mayatima, misikiti na nafasi za kusoma Madina. Dkt. Abdulrahman Al-Sumait wa Kuwait aliacha kazi yake ya udaktari akashughulika na Afrika mpaka alipofariki mwaka 2013. Allah amrehemu. Wengi wetu tumesomeshwa na walimu waliolipwa na pesa hizo, hatuwezi kuzikufuru.

Tarehe 7 Agosti 1998 bomu likalipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani hapa Nairobi, likaua zaidi ya watu 200, Waislamu wakiwemo. Ule ulikuwa uovu mtupu. Mwezi uliofuata serikali ikayafutia usajili mashirika matano ya misaada ya Kiislamu, likiwemo Al-Haramain lililokuwa likihudumia wakimbizi wa Dadaab. SUPKEM na viongozi wengine walipinga, wakisema jamii nzima inaadhibiwa. Januari 2004 tawi la Kenya la Al-Haramain likaingizwa kwenye orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa. Tuseme kuna waliofanya makosa, na wapo ambao hawakufanya. Yatima hajui tofauti. Anachojua ni kwamba mwezi huu chakula hakikuja, na ustadh amerudi kwao.

Siku hizi milango ipo, ila ina masharti. Sheria mpya ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa mwaka 2013, ilianza kutumika Mei 2024. Mfadhili yeyote, awe wa Ulaya, wa Ghuba au wa hapa hapa Nairobi, atataka kuona cheti cha usajili, katiba, kumbukumbu za mikutano, akaunti ya benki na hesabu zilizokaguliwa. Wazee wa kijiji waliopitisha kofia walikuwa na karibu yote hayo, kwa daftari moja.

Basi tulirudi kikaoni. Tulibishana sana, maana wengine walitaka tuandikie wafadhili kumi kwa mpigo, walau mmoja atanasa. Mwisho tukanunua daftari. Kila mmoja akaandika jina lake na shilingi zake za kila mwezi, wengine hamsini, wengine mia mbili, na dada mmoja anayeuza nguo Kangemi akaandika mia tano akatushinda sote. Mzee mmoja ametuahidi chumba kimoja cha nyumba yake ya kupangisha, kodi yake iwe ya madrasa, na tunatafuta wakili wa kutuandikia hati ya wakfu sawasawa. Ustadh analipwa nusu ya mshahara tuliomuahidi. Baada ya Idi, inshaallah, tunajaza fomu nyingine, na ukurasa wa nane safari hii tuna la kuandika.