Kondoo wa Roslin na Ndama wa Nairobi: Uklonishaji wa Wanyama na Mifugo ya Pembezoni mwa Dar es Salaam

Katika makala hii tunakusudia kufuatilia jinsi uklonishaji wa wanyama ulivyofika Afrika Mashariki, na kuuliza unawahusu nini watumishi wa sharika za Temeke na Kinondoni, ambako Wakristo wengi wamelipa ada za watoto wao kwa maziwa ya ng'ombe wawili watatu waliofungwa nyuma ya nyumba.

Historia hii haianzi katika maabara ya Ulaya, bali katika magonjwa. Katika miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki, na mwishoni mwa muongo huo Robert Koch alikuwa Dar es Salaam akichunguza magonjwa ya mifugo, likiwamo nagana, liletwalo na mbung'o. Uchunguzi wa namna hiyo baadaye ulipata makao Temeke, mahali ambapo wenyeji hupaita "Veterinari" tu.

Kondoo Dolly alizaliwa Roslin, karibu na Edinburgh, tarehe 5 Julai 1996. Ian Wilmut, Keith Campbell na wenzao walitwaa chembe ya kiwele cha kondoo mzima, wakaiunganisha na yai lililoondolewa kiini chake, kisha wakapandikiza kiinitete tumboni mwa kondoo mwingine. Mayai 277 yaliunganishwa hivyo. Aliyezaliwa na kuishi alikuwa mmoja. Wasifuo kazi ile mara nyingi huiruka hesabu hiyo. Mkutano Mkuu wa Kanisa la Scotland haukukawia: Mei 1997 ulikubali kondoo waliobadilishwa jeni watoe dawa katika maziwa yao, lakini ukapinga uklonishaji kuwa njia ya kawaida ya kuzalisha nyama na maziwa.

Mwaka uleule wa 1996 jambo jingine lilitokea karibu nasi, nalo halikutangazwa sana. Mbung'o dume waliofanywa tasa, wapatao milioni 8.5, walilelewa Tanga na kumwagwa kwa ndege juu ya Unguja kati ya 1994 na 1997. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa Septemba 1996. Nagana iliondoka pasipo kubadili umbile la ng'ombe hata mmoja.

Lakini Unguja ni kisiwa. Bara, mbung'o akifukuzwa pori hili hurudi kutoka pori la jirani. Ndiyo sababu Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, Nairobi, iligeukia njia ya Roslin, na baadaye akazaliwa ndama dume wa Boran aliyeklonishwa, akaitwa Tumaini (jina ambalo Walutheri wa Tanzania walikwisha kulipa chuo kikuu chao). Tumaini alikuwa jaribio la njia tu. Shabaha ilikuwa kupata ng'ombe mwenye jeni ya nyani inayoua vimelea vya nagana.

Je, tuipokee hukumu ya Scotland kama ilivyo? Sisi hatudhani hivyo. Mpaka ule kati ya dawa na maziwa ulichorwa katika nchi ambamo maziwa yamejaa madukani. Luther, katika Katekisimo Ndogo ya 1529, anaihesabu mifugo pamoja na mkate wa kila siku. Kwa mjane wa Mbagala, ng'ombe asiyekufa kwa nagana ni jibu la sala hiyo. Hata hivyo Mithali 12:10 inamtaka mwenye haki aujali uhai wa mnyama wake, na mayai 277 hayafutiki kwa sababu shabaha ni njema. Tena ufanani una hatari yake. Tayari mbegu za madume wachache kutoka kituo cha uhimilishaji cha Usa River, jirani na Makumira, huenea nchi nzima; kloni huongeza jambo hilohilo, na ugonjwa mmoja mpya ungewakuta wote hawana kinga.

Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008 na kanuni za usalama wa bioteknolojia mwaka 2009. Vibali vya utafiti hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoko Kijitonyama, Kinondoni, ambako pia Kanisa letu lina usharika. Ombi la namna hii likifika pale, tungependa swali la kwanza liwahusu majike: ni wangapi watakaopandikizwa, na ni wangapi watakaoharibu mimba.