Chungu cha Bibi wa Ngara



Mnaopenda tamthilia za Kikorea mmeiona ile mitungi mikubwa ya kahawia inayopangwa uani, ya kuwekea mboga za chumvi na mchuzi wa soya. Wenzetu ni mafundi wa zamani. Enzi za falme za Silla na Gaya, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, walichoma udongo kwenye tanuri kwa joto la kupita nyuzi 1,000, ukawa mgumu kama jiwe. Vingine waliwazika navyo maiti wao.

Kagera nako kuna vyungu, tena vya kale kuliko hivyo. Watafiti wanaviita vya Urewe, kwa jina la mahali huko Siaya, Kenya. Mary Leakey na wenzake waliandika habari zake mwaka 1948. Vigae vyake vimeokotwa Buhaya, Rwanda na Burundi, na Ngara na Biharamulo zimo katika ukanda huohuo. Katuruka, karibu na Bukoba, Peter Schmidt alichimba akakuta mabaki ya kuyeyusha chuma ya zaidi ya miaka 2,000, na vigae hivyo vipo.

Mimi fundi cherehani, macho yangu huenda kwenye pindo. Mdomo wa chungu cha Urewe umekatwa bapa kwa mshazari, shingoni kuna mistari iliyochorwa udongo ukiwa mbichi, na kitakoni mara nyingi kuna kishimo kama cha kidole gumba. Chungu cha kupikia tu, lakini kimepambwa!

Havikuchomwa kwa moto mkali kama vya Korea, ndiyo maana chungu chetu hutoa jasho. Jasho likikauka, maji ya ndani yanapoa. Friji ya bibi hiyo, haina LUKU.

Sasa kuna bibi harusi, mteja wangu, kapewa chungu na bibi yake wa Ngara. Kilikuwa cha rubisi. Mama mkwe kasema kivunjwe, ni chombo cha pombe. Mtoto wa watu kaja kwangu analia.

Mtume (S.A.W.) aliwahi kuukataza ujumbe wa Abdul-Qays kuloweka vinywaji katika vyombo fulani, mmojawapo hantam, mtungi wa kijani wenye kung'aa. Baadaye akaruhusu vyombo vyote, ila kisinywewe kinacholevya. Imo katika Sahihi Muslim, kwa Buraida. Kilichokatazwa ni kilevi. Ustadhi wetu naye kamwambia hivyohivyo: kioshwe, kitumike.

Kwa kuwa udongo hunywa harufu, nimemwelekeza akijaze maji, amwage kila asubuhi kwa siku kadhaa, kisha achemshe maji humo kwa moto mdogo mpaka harufu iishe. Asitie sabuni, udongo utainywa nayo. Jana kanipigia simu, yuko siku ya tatu, na mama mkwe kaja mwenyewe kunusa.