Kusoma chuma: utambuzi na thamani ya bastola ya Herstal ya wakati wa vita (1940-1945)

Mwanahistoria aliyezoea hati za karatasi huweza kusahau ya kuwa chuma nacho huandikwa. Bastola ya kijeshi hubeba majina, namba, mihuri na herufi, na alama hizo zina kanuni zake kama zilivyo na kanuni ishara za lugha yoyote. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano wa bastola iitwayo GP 35, jinsi maandishi hayo yanavyosomwa, na kwa nini thamani ya silaha hiyo machoni pa wakusanyaji hutegemea usomaji huo. Hoja yetu ni moja: mkusanyaji hanunui silaha, bali hununua ushahidi, kwa hiyo mhuri wa uongo si hasara ya mnunuzi peke yake, ni hasara ya historia pia.

Tuanze na asili yake. Mmarekani John Browning alifariki mwaka 1926 huko Liège, nchini Ubelgiji, akiwa katika kazi zake za kiwanda cha Fabrique Nationale cha Herstal. Mbelgiji Dieudonné Saive aliiendeleza kazi ya bastola mpya hata ikakamilika, na mwaka 1935 jeshi la Ubelgiji likaipokea. Herufi GP ni kifupi cha maneno ya Kifaransa « Grande Puissance », maana kasha lake lilichukua risasi 13 za milimita 9, hesabu kubwa kwa zama zile. Nchi nyingine nazo ziliinunua kabla ya vita, China ikiwa mojawapo.

Mwezi wa Mei 1940 Wajerumani waliivamia Ubelgiji na kukitwaa kiwanda cha Herstal, ambacho kiliwekwa chini ya usimamizi wa kampuni yao ya DWM. Tangu hapo hadi Septemba 1944, zaidi ya bastola 300 000 za aina hii zilitengenezwa kwa ajili ya majeshi ya Ujerumani. Jina nalo likabadilishwa: katika orodha za Wajerumani silaha hiyo iliitwa « Pistole 640(b) ». Herufi b iliyo ndani ya mabano husimama mahali pa neno « belgisch », yaani ya Kibelgiji. Herufi hiyo moja yakiri kwamba kitu kilitoka kwa watu wengine, huku orodha yenyewe ikitangaza kwamba sasa kina bwana mpya. Mwaka 1941, wakati askari wa Force Publique kutoka Kongo walipokuwa wakipigana Ethiopia kwa jina la Ubelgiji, hadi Waitalia wakasalimu amri huko Saio, kiwanda kikuu cha silaha cha Ubelgiji hiyohiyo kilikuwa kikimtumikia adui.

Upande wa pili wa bahari, kampuni ya John Inglis ya Toronto, nchini Kanada, ilianza kutengeneza bastola hiyohiyo mwaka 1944. Saive mwenyewe alikuwa amekimbilia Uingereza, na michoro ya silaha ikaandaliwa upya mbali na Herstal. Hadi mwaka 1945 Inglis ilikuwa imetengeneza takriban 150 000. Basi viwanda viwili vya pande mbili zilizokuwa zikipigana viliandika jina la Browning juu ya chuma cha umbo lilelile.

Msomaji wa alama hizo afuate utaratibu gani? Kwanza asome ubavu wa kushoto wa sehemu ya juu, ile inayorudi nyuma kila risasi inapotoka. Bastola ya Herstal ina jina la kiwanda kwa Kifaransa, na Wajerumani hawakulifuta. Ile ya Toronto ina maneno INGLIS CANADA. Na zile zilizoagizwa na China zina pia maandishi sita ya Kichina yasemayo kwamba ni mali ya Jamhuri ya China. Pili, atafute mihuri ya wakaguzi wa Kijerumani: picha ndogo ya tai pamoja na herufi WaA na namba. Namba 613 ni ya mwanzo, ikafuatwa na 103, kisha 140 iliyodumu hadi mwisho. Tatu, aangalie umbo. Zile za mwanzo zina kilengeo cha nyuma kinachopandishwa kwa kadiri ya umbali, na mfuo nyuma ya mpini wa kufungia kitako cha mbao. Zile za mwisho zina kilengeo kisichosogea, na chuma chake kina mikwaruzo ya mashine, kwa kuwa haraka ya vita haikuacha nafasi ya kung'arisha. Nne, alinganishe namba za mwili, za sehemu ya juu na za mtutu.

Alama hizo zote sharti zipatane, kama vile katika sentensi viambishi hupatana na nomino. Mhuri wa 613 juu ya chuma chenye mikwaruzo ya mwaka 1944 ni kosa la sarufi, na kosa hilo humfichua mghushi.

Kuhusu bei, silaha yenye namba zinazolingana na rangi yake ya asili huishinda ile iliyopakwa upya, hata kama hii ya pili yapendeza zaidi machoni. Bastola ya mwanzo, yenye mfuo na kilengeo cha kupandishwa, hupita ile ya mwisho, ambayo ilitengenezwa kwa wingi. Hati iliyotiwa sahihi na mkuu wa kikosi, ikimruhusu askari wa Kimarekani kwenda kwao na silaha aliyoiteka, huongeza thamani kwa sababu huonyesha njia ambayo silaha ilipitia. Na kwa kuwa muhuri huleta fedha, wako wanaougonga leo.

Katika nchi yetu, ambako sheria ya mwaka 1985 huziwekea silaha masharti makali, na ambako bunduki si pambo la kabati bali ni jeraha la karibu, huenda mtu akauliza elimu hii yatufaa nini. Jibu ni kwamba bastola hii iliingia katika majeshi mengi baada ya vita, jeshi letu likiwemo. Nayo makumbusho, mahakama na watafiti watakutana nayo. Anayejua kuisoma ataweza kusema ilitoka wapi, chini ya utawala wa nani, na katika mwaka upi wa vita. Asiyejua atauona mtutu tu, na mtutu peke yake hausemi ni nani aliyelazimishwa kuutengeneza, wala ni nani aliyeuamuru.