Madaraja Yaliyoezekwa ya Bonde la Mto Connecticut

Kaskazini-mashariki mwa Marekani, mto Connecticut hutenganisha jimbo la Vermont, lililoko magharibi, na jimbo la New Hampshire, lililoko mashariki, na vijito vinavyoteremka kutoka milima ya pande zote mbili ni vingi kiasi kwamba vijiji vichache tu vya bonde hilo viliweza kuishi bila daraja. Msafiri anayeacha barabara kuu na kufuata njia ndogo za mashambani hukutana huko mara kwa mara na jengo refu la mbao lenye paa na kuta, lililokaa juu ya maji kutoka ukingo hadi ukingo, ambalo kwa mbali hudhaniwa kuwa ghala la nyasi za mifugo mpaka inapoonekana kwamba barabara yenyewe inaingilia mlango mmoja na kutokea wa pili. Hilo ndilo daraja lililoezekwa, yaani daraja la mbao ambalo sehemu zake zinazobeba uzito zimefunikwa kwa paa juu na kwa mbao ubavuni. Vermont pekee inayo takriban 100, nayo ni sehemu ndogo ya yale yaliyokuwapo katika karne ya 19.

Maelezo yanayotolewa kuhusu sababu ya paa hilo mara nyingi yana utamu kuliko ukweli. Husemwa kwamba liliwekwa ili farasi wasishtushwe na maji yaendayo kasi chini yao, au ili wasafiri wapate pa kujihifadhi mvua inapowakuta njiani, au hata ili wachumba wapate faragha. Na mambo hayo huenda yote yalitokea, lakini ni vigumu kuamini kwamba wakulima wabanifu wa milimani wangekubali kutozwa fedha kwa ajili ya starehe ya wachumba. Paa ni la daraja, si la mpitaji. Mbao huoza zinapoloa na kukauka kwa zamu, na huanzia kuoza katika maungio, mahali ambapo unyevu huingia ukakosa pa kutokea na kuvu hupata makao. Kama vile ukuta wa udongo unavyodumu miaka na miaka chini ya makuti na kumong’onyoka katika masika machache ukiachwa wazi, ndivyo daraja la mbao lisilo na paa lilivyochakaa kabla ya watoto wa waliolijenga kukua, ilhali lililoezekwa liliweza kupita karne nzima. Sakafu, ambayo huchakazwa na magurudumu, ilibadilishwa bila taabu kubwa. Kilichokuwa ghali ni kiunzi, na nyumba ile yote ilijengwa kwa ajili ya kukikinga.

Fikra hiyo haikuzaliwa Marekani. Katika mji wa Lucerne, Uswisi, lipo daraja la waendao kwa miguu lililoanzia karne ya 14, ingawa sehemu yake kubwa iliteketea mwaka 1993 na kujengwa upya, na katika karne ya 18 seremala Hans Ulrich Grubenmann alijenga juu ya mto Rhine, huko Schaffhausen, daraja lililoezekwa ambalo liliwavuta wageni kutoka nchi nyingine kulitazama, hadi majeshi ya Ufaransa yalipolichoma mwaka 1799. Upande wa Marekani, daraja linalohesabiwa kuwa la kwanza la namna hii ni lile lililofunguliwa mwaka 1805 juu ya mto Schuylkill, katika jiji la Philadelphia, kwa ufundi wa Timothy Palmer. Jaji Richard Peters, aliyeiongoza kampuni iliyolimiliki, alitaka lifunikwe, na Palmer naye akaunga mkono, akikadiria kwamba likifunikwa vyema lingeweza kudumu miaka 30 au 40. Makadirio hayo yalikuwa ya unyenyekevu, kwa kuwa lilitumika hadi mwaka 1850 ndipo likajengwa upya ili lipitishe reli.

Ili ufundi huu ueleweke, ni lazima kukitazama kiunzi chenyewe. Mhimili mmoja wa mti, hata uwe mnene namna gani, hauwezi kuvuka mto mpana bila kupinda kwa uzito wake. Kwa hiyo mafundi waliunganisha mihimili mingi katika pembetatu, kwa sababu pembetatu ndilo umbo lisiloweza kubadilika mpaka upande wake mmoja urefuke, ufupike au uvunjike. Namna ya kuzipanga pembetatu hizo ilizua ushindani mkali wa hataza, yaani haki ya kisheria inayompa mvumbuzi mamlaka ya kuwatoza wanaotumia uvumbuzi wake. Theodore Burr, aliyepata hataza mwaka 1817, aliunganisha pembetatu na upinde mkubwa wa mbao, na mtindo wake ukaenea sana Pennsylvania. Lakini katika bonde la Connecticut jina lililotawala ni la Ithiel Town, msanifu majengo aliyepata hataza mwaka 1820 kwa kiunzi cha kimia, ambacho hutengenezwa kwa mbao za kawaida zinazopishana kimshazari na kukazwa kwa vigingi vya mti mgumu kila zinapokutana. Uzuri wake haukuwa katika umbo tu. Mitindo mingine ilidai magogo makubwa na mafundi wa kuchonga maungio magumu, ilhali wa Town ulihitaji mbao zilizopasuliwa katika kiwanda chochote cha kijijini, keekee ya kutobolea matundu, na maseremala wa kadiri. Town alitoza dola 1 kwa kila futi ya daraja, na dola 2 kwa waliojenga kwanza bila ruhusa na kukamatwa baadaye. Kwa maana hiyo alipata mali kutokana na madaraja ambayo hakuyapigia hata kigingi kimoja.

Daraja mashuhuri kuliko yote katika bonde hilo ni lile linalounganisha kijiji cha Windsor, Vermont, na Cornish, New Hampshire. Lilijengwa mwaka 1866 na James Tasker na Bela Fletcher kwa gharama ya dola 9,000, baada ya madaraja matatu yaliyolitangulia mahali hapo, la kwanza likiwa la mwaka 1796, kuchukuliwa na mto. Urefu wake ni karibu futi 450, sawa na mita 137, na limegawanyika katika mapito mawili yanayokutana juu ya nguzo moja ya mawe katikati ya mto. Kiunzi chake ni cha kimia, ila badala ya mbao nyembamba Tasker na Fletcher walitumia mihimili minene ya mraba, na hilo ndilo linalolipa sura ya uzito usio wa kawaida mtu akiwa ndani. Tasker, ambaye inasemekana hakujua kusoma wala kuandika, alijenga pia madaraja madogo ya vijito vya Cornish, likiwamo la Blow-Me-Down la mwaka 1877, na katika hayo madogo ustadi wake huonekana vizuri zaidi kwa sababu hayana ukubwa wa kumshangaza mtazamaji.

Daraja la Windsor lilikuwa mali ya kampuni, na kila aliyevuka alilipa ushuru, iwe kwa miguu, kwa farasi au akiswaga mifugo. Jimbo la New Hampshire lilikuja kulinunua, na ushuru ukaondolewa mwaka 1943. Kununuliwa na upande huo mmoja kuna mantiki yake, kwani Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1933 kwamba mpaka wa majimbo hayo uko kwenye ukingo wa magharibi wa mto, na hivyo karibu daraja zima liko New Hampshire. Kibao cha daraja hilo kilichowaamuru wapitaji wawaendeshe farasi mwendo wa kutembea au walipe faini ya dola 2 kilikuwa na sababu ya kiufundi, maana vishindo vya kwato vinavyogonga kwa mpigo mmoja hutikisa kiunzi na kulegeza maungio. Wakati wa baridi kulikuwa na kazi nyingine, ya kinyume kabisa na matarajio: theluji ilichotwa nje na kutandazwa ndani ya daraja, kwa kuwa watu walisafiri kwa magari ya kuteleza yasiyo na magurudumu, nayo hayakuweza kupita juu ya mbao kavu.

Chuma kilipokuwa rahisi kupatikana, miji na barabara kuu zilikuwa za kwanza kuyaacha madaraja ya mbao. Mafuriko ya Novemba 1927 yalizoa au kuharibu madaraja zaidi ya 1,200 ya kila aina katika Vermont, na mengi kati ya yaliyoezekwa hayakurudishwa, maana malori yalikuwa yameanza kudai mapito mapana na yenye nguvu. Hapa ndipo historia inapopingana na simulizi la upendo linaloandikwa katika vijitabu vya watalii. Mengi ya yaliyosalia hayakusalia kwa kupendwa, bali kwa kuwa yalikuwa katika njia ambazo hakuna aliyeona faida ya kuzipanua. Umaskini wa barabara uliyahifadhi kabla sheria na fedha za umma hazijaja. Thamani yake ilipotambuliwa, hata Woodstock, mji wa kitalii wa Vermont, ulijenga mwaka 1969 daraja jipya lililoezekwa, la kiunzi cha kimia na vigingi vya mbao, badala ya daraja la chuma.

Tarehe 28 Agosti 2011 mvua za kimbunga Irene ziliupima uhifadhi huo huko Vermont. Daraja la Taftsville, la mwaka 1836, liliharibiwa vibaya na likafunguliwa tena mwaka 2013. La Bartonsville, la mwaka 1870, lilizolewa lote na mto Williams, na wenyeji wakalijenga upya kwa kiunzi kilekile cha kimia. Wapo wanaoliita hilo jipya nakala tu, lakini hoja hiyo haina uzito mkubwa, kwa kuwa hata madaraja ya kale yamebadilishiwa sakafu, paa na mihimili mara nyingi. Daraja la Windsor lenyewe lilifungwa mwaka 1987 na kuimarishwa kwa mbao za tabaka zilizogandishwa kwa gundi, kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 4, likafunguliwa mwaka 1989. Anayefunga safari ya kwenda kuyaona asitosheke kuyapiga picha kutoka barabarani, kwa maana ubavu wa nje ni ubao mtupu. Katika yale ya vijito, ambako magari ni machache, aingie kwa miguu, kwani kazi ya Town na ya Tasker iko ndani.