Chimba Uone Mzizi

Fungua ile skrini nyeusi ya kompyuta, ile ambayo watu wakiipita mezani kwako wanadhani wewe ni mdukuzi. Andika dig ke NS +short, kisha bonyeza Enter. Dig ni kuchimba, na kweli unachimba: papo hapo itatokea orodha fupi ya majina ya seva. Hakuna picha, hakuna tangazo. Lakini hizo ndizo seva zinazojua kila jina linaloishia kwa .ke lipelekwe wapi.

Zamani hakukuwa na wa kuulizwa. Mtandao wa ARPANET huko Marekani ulitegemea faili moja, HOSTS.TXT, yenye jina na anwani ya kila kompyuta. Ilitunzwa na Elizabeth Feinler na wenzake katika taasisi ya SRI, Menlo Park, California. Ukitaka kompyuta yako ijulikane, unawaambia, wanaiandika, na wengine wote wanapakua orodha upya. Kompyuta zilivyozidi, daftari moja likaelemewa. Mwaka wa 1983 Paul Mockapetris akachapisha mpango mwingine: kila tawi litunze majina yake, na mwenye swali aelekezwe ngazi kwa ngazi. Hiyo ndiyo DNS. Ukiandika dig +trace na jina la tovuti yoyote ya Kenya, utaziona hizo ngazi: swali linaanzia kwenye mzizi, linatumwa kwa .ke, linashuka hadi kwa seva yenye jibu.

Sasa swali ni hili: tawi letu alipewa nani?

.ke iliandikishwa tarehe 29 Aprili 1993, wakati Wakenya wengi hawajawahi hata kusikia neno intaneti. Waliitunza watu wawili waliojitolea: Shem Ochuodho kwa upande wa usimamizi, na Randy Bush, mhandisi wa Marekani, kwa upande wa kiufundi. Hebu fikiria. Jina la nchi nzima mikononi mwa watu wawili, mmoja ng'ambo, na kilichowashikilia ni kuaminiwa tu. Walilibeba karibu miaka kumi. Lakini mzigo ukikua, mabega mawili hayatoshi. Mwishoni mwa 2002 ikakubaliwa .ke ikabidhiwe KENIC, shirika linaloketisha pamoja serikali, kampuni za mtandao na watumiaji.

Mbona ujali? Kwa sababu siku tovuti za .ke zikigoma, wengi wetu tutalaumu bando. Anayejua kuuliza atajua kama shida iko kwa simu yake au kwa anayetunza jina. Aliyekabidhiwa jina letu anafaa kuulizwa maswali, na hili halihitaji ruhusa ya mtu.

Rudi kwa ile orodha. Kwa miaka mingi imekuwa na seva moja inayoitwa mzizi.kenic.or.ke. Mtu fulani aliambiwa aipe mashine jina, akachagua Kiswahili.