Stephen Keshi: Nahodha aliyerejea kuwa kocha bingwa

Stephen Keshi (1962-2016), beki wa zamani wa Nigeria, ndiye mtu wa pili, baada ya Mmisri Mahmoud El-Gohary, kushinda Kombe la Mataifa ya Afrika akiwa mchezaji na baadaye kocha. Aliwahi kuichezea Anderlecht ya Ubelgiji, na alikuwa nahodha wa Super Eagles waliotwaa kombe hilo nchini Tunisia mwaka wa 1994.

Alipogeukia ukufunzi, aliifuzisha Togo kwa Kombe la Dunia la 2006, mara ya kwanza katika historia ya taifa hilo. Lakini Togo iliposhindwa mechi zote tatu za Kombe la Afrika mapema mwaka huo, Keshi alipigwa kalamu. Mjerumani Otto Pfister ndiye aliyekiongoza kikosi hicho Ujerumani; mmoja alilima, mwingine akavuna.

Februari 2013, vijana wake wa Nigeria waliilaza Burkina Faso 1-0 jijini Johannesburg na kutawazwa mabingwa. Siku iliyofuata alitangaza kujiuzulu, akilalamika kwamba hakuheshimiwa, kisha akabadili nia. Mwezi uliofuata Harambee Stars walimtoa jasho kwa sare ya 1-1 mjini Calabar.

Alifariki Juni 2016, akiwa na umri wa miaka 54.